Kibao cha haiwei kiwe cha mwisho kusimama

Hii ni ile hotuba niliyotoa kwenye kikao cha madereva wa utalii hapa Arusha. Wengi hamkuwepo mkaniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoongea, nimepunguza utani kidogo tu.

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, habari za asubuhi. Na nyie vijana wa boda mliosimama mlangoni ingieni bwana, viti vipo, hamna mtu atawauliza leseni humu ndani.

Nimepewa mada ya usalama barabarani kwa ujumla. Sasa hiyo ya ujumla mshahubiriwa na trafiki mpaka masikio yamechoka, mkanda, mwendo, simu, tunajua. Mimi naomba niongelee kitu kimoja tu ambacho sisi tunaobeba wageni kinatuhusu kuliko watu wote na sijawahi kusikia kikao kinakijadili, nacho ni vibao vya barabarani vinavyoelekeza uwanja wa ndege. Najua mtu anasema aah, kibao si kibao tu, unaweka mshale unaandika jina umemaliza. Subirini.

Tuangalie kwanza tulivyokaa. Kwenye mwendo huu mmoja kutoka Kisongo mpaka Moshi mjini tuna viwanja vya ndege vitatu. Kuna wa Kisongo ambao kwenye karatasi ndio Uwanja wa Ndege wa Arusha, uko barabara ya Dodoma, hapo ndo zinapopaa zile ndege ndogo za kwenda Seronera, Zanzibar na kwingineko. Kuna KIA yenyewe, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1971, njia yake ya kurukia ina mita 3,600 na kitu, ipo wilaya ya Hai mkoa wa Kilimanjaro ila wageni wengi wanaoshuka pale wanakuja kulala Arusha. Halafu kuna kale ka uwanja kadogo ka Moshi ambako hata watu wa Moshi wenyewe wengine wanakasahau. Kati ya Kisongo na KIA ni zaidi ya kilomita 50 na hapo katikati umeweka mji mzima wa Arusha na foleni yake.

Sasa mchukue mgeni aliyekodi gari anajiendesha mwenyewe, siku hizi wapo wengi, anatoka Karatu amemaliza Ngorongoro, flaiti yake ya kwenda Ulaya inapaa usiku KIA. Anashuka Makuyuni, anakuja na lami yake, anafika Kisongo anaona alama ya ndege. Ndege ni ndege, anakata kona. Anafika getini askari anamuuliza unasafiri na ndege gani, anataja jina la ndege kubwa ambayo haiwezi kutua pale hata kwa dua. Askari anamwangalia, anaangalia saa. Na hapo bado hajakutana na malori ya kutoka Tengeru kwenda mbele, ambako njia mbili mbili zimeshaisha. Huyo mtu hakukosea, kibao kilimwambia ukweli nusu, kimemwambia kuna uwanja wa ndege ila hakijamwambia ni upi.

Ndo nikaanza kuulizia, wenzetu wanafanyaje? Marekani wana kitabu chao cha alama zote za barabarani, kinaitwa MUTCD, kipo tangu 1935 na wanakifanyia marekebisho kila baada ya muda, toleo la 11 limetoka Desemba 2023. Ni kitabu kinene na kinachosha, kina mpaka upana wa mstari. Ila kuna sehemu fupi ya viwanja vya ndege ambayo mimi imenikaa kichwani.

Kinasema hivi, kwa maneno yangu. Unaweza kuweka kibao cha uwanja wa ndege kwenye haiwei, na kwa kawaida kisiwe mbali zaidi ya maili 15 kutoka uwanjani, tuseme kilomita 24. Unaweza kutumia alama ya ndege peke yake au ukaongezea kibao cha jina chini yake. Hapo kote ni unaweza, unaweza. Halafu inakuja sentensi moja yenye lazima: kabla hujasimika kile cha haiwei, vile vidogo vya kumfuatisha dereva njiani lazima viwe vimeshasimama vya kutosha. Yaani umbali wameulegeza, jina wamekuachia wewe, ila mnyororo wameukaza. Kile kibao kikubwa cha kijani ambacho kila mheshimiwa anapenda kupigwa nacho picha ndio kinatakiwa kiwe cha mwisho.

Mkikumbuka kitu kimoja kutoka kwangu leo kumbukeni hicho. Sisi tunaanza na kikubwa. Tunasimika cha haiwei, tunapiga picha, vile vya ndani vitakuja bajeti ijayo, na bajeti ijayo mnaijua. Dereva anaitikia, anaacha lami kubwa, mita mia tatu mbele anakuta barabara inagawanyika na pale hamna kitu, kuna kibao cha saluni na cha shule ya chekechea. Mimi naona bora asingeona kibao kabisa. Mtu asiyeona kibao anauliza watu, anasimama kwa wauza ndizi anauliza. Mtu aliyeshaona kibao anajiamini, anakwenda tu, na kadiri anavyokwenda ndo anapotea vizuri zaidi.

Ila sasa na mimi sio mtu wa kusema Marekani wamesema basi tuchukue kama kilivyo. Ile kilomita 24 hapa kwetu haifai. Pimeni wenyewe kutoka KIA kuja huku, kilomita 24 hata Tengeru hujafika, kwa hiyo Arusha mjini pasingekuwa na kibao cha KIA hata kimoja. Wao wana barabara nyingi, miji imebanana, viwanja vya ndege vingi, kila mtu akidai kibao chake kianzie mbali haiwei inajaa mabati. Sisi shida yetu sio hiyo. Barabara kuu ni moja na uwanja uko mbali na mji. Kwetu kipimo kisiwe kilomita, kiwe njia panda. Swali ni moja, ni wapi pa kwanza ambapo mtu anaweza kuchagua vibaya? Hapo ndo kibao kinaanzia, iwe kilomita 10 iwe 60.

Na tukienda kwa njia panda mtaona sehemu zenyewe sio nyingi kiivyo. Anayetoka Namanga, mpakani na Kenya, anachagua Ngaramtoni, kwa sababu pale ndo baipasi inaanza, ile ya kilomita 42.4 inayozunguka mji na kwenda kutokea Usa River. Akiipita ile ameingia Sakina, ameingia mjini, ameisha, atakaa kwenye mataa mpaka ndege ipae. Kibao cha KIA kwa mtu wa Namanga thamani yake yote iko Ngaramtoni, ukimwekea Mianzini umemwekea pambo. Anayetoka Karatu au Babati anachagua Kisongo, maana baipasi hiyo hiyo inakatiza pale, na hapo ndo penye utata mkubwa kuliko pote kwa sababu viwanja viwili vinagombania macho ya dereva mmoja, wa karibu na wa mbali. Kutoka Holili na Himo mtu anapita Moshi, na Moshi nako kuna kale kauwanja. Halafu njia panda ya KIA yenyewe. Hizo ndo kubwa, zingine ni za kumshika mkono asiteleze.

Kwa hiyo pale penye viwanja viwili, alama ya ndege bila jina ipigwe marufuku. Hiyo ni sheria yangu, sio ya Wamarekani. Na jina liwe lile lile mwanzo mwisho. Kama Ngaramtoni umeandika KIA, Usa River usiandike Kilimanjaro Airport halafu mbele kidogo ukaandika Uwanja wa Ndege tu. Tiketi ya mgeni imeandikwa JRO, sisi tunasema KIA, kwenye ramani ni Kilimanjaro. Chagua moja la kuwa kubwa, lingine likae dogo chini yake, na likae hivyo hivyo njia nzima. Na wa Kisongo uandikwe Kisongo jamani, kila mtu hapa anauita Kisongo isipokuwa kibao.

Tuje kwenye herufi, hapa naomba mnivumilie kuna hesabu kidogo. Wale Wamarekani wana kanuni ya kukadiria, kila inchi moja ya urefu wa herufi inakupa futi 30 za kusomeka, tuseme sentimita mbili na nusu kwa mita 9. Gari kwenye spidi 80, ambayo ndo mwisho wa basi na lori kwetu, linakula mita 22 kila sekunde. Haya, herufi za sentimita 10, ambazo ukiwa umesimama chini ya kibao unaziona kubwa kweli kweli, zinasomeka kwa mita 36. Hiyo ni sekunde moja na nusu. Ndani ya sekunde moja na nusu mtu aone, asome, aelewe, aangalie kioo, apunguze, akate. Na nyuma yake kuna Fuso la mahindi. Herufi za sentimita 30 zinakupa mita 108, karibia sekunde 5, hapo unaongea na binadamu. Ndo maana njia panda kubwa inataka vibao viwili, kimoja kabla cha kukutayarisha na kingine pale pale kwenye kona, na mimi ningeongezea cha tatu ukishakata cha kukuhakikishia kwamba ndio, uko sawa. Hicho cha tatu watu wanakidharau ila ndo kinachomtuliza mtu asianze kugeuza gari katikati ya barabara.

Na msijaze maneno. Wenzetu kwenye vibao vya haiwei wanataka majina ya sehemu yasizidi mawili kwenye kibao kimoja. Sisi tukipata bati tunaona tuandike vyote, uwanja wa ndege, hospitali, halmashauri, chuo, kanisa na simu ya mkandarasi. Kwa 80 hakuna anayesoma risala.

Kuna kitu nilikisoma kikanifurahisha, nakipitisha haraka. Vibao vya barabara vya Uingereza, vile ambavyo nchi nyingi wameviiga, aliyevichora ni Jock Kinneir na mwenzake Margaret Calvert ambaye alikuwa mwanafunzi wake, na kabla ya kupewa barabara walikuwa wameshafanya vibao vya uwanja wa ndege, Gatwick, miaka ya 1950. Kazi ya uwanja wa ndege ndo ikawafungulia mlango, wakapewa za motowei, zile haiwei zao kubwa, kisha za nchi nzima, zikaanza kutumika rasmi 1965. Walikataa kuandika kwa herufi kubwa tupu. Waliona neno lenye herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata lina umbo lake, linapanda linashuka, jicho linalishika hata kabla hujalisoma lote. Mkitoka hapa angalieni vibao vya mjini mhesabu vingapi vimeandikwa kwa kupiga kelele.

Rangi nazo ni lugha. Kule Uingereza bluu ni motowei, kijani ni barabara kuu nyingine, kahawia ni vivutio vya utalii. Marekani kijani ni uelekeo, bluu ni huduma kama mafuta na hospitali, kahawia ni hifadhi na mapumziko. Afrika Kusini nao bluu ni haiwei kubwa, kijani barabara nyingine, kahawia utalii. Kila mtu na yake sawa, ila kila nchi ukiona rangi unajua nani anaongea na wewe. Sasa sisi lodge inaweka kibao cha kijani, mshale mweupe, na mchoro wa ndege juu, ukisogea ndo unasoma kwa herufi ndogo dakika kumi kutoka airport, karibuni nyama choma. Jamani! Ile alama ya ndege ilindwe. Asiitumie mtu barabarani isipokuwa inaelekeza uwanja wa ndege. Najua wenye lodge wengine ndo wanatupa kazi, sijamtaja mtu.

Na vibao hivi vya biashara vinasimama wapi? Kwenye hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ndo zile X nyekundu mlizoziona kwenye nyumba za watu. Nyumba ya bibi inapigwa X ila kibao cha gesti kinachoziba kibao cha KIA kinadunda tu mwaka mzima. Sikubaliani nalo.

Usiku sasa. Ndege za Ulaya zinapaa jioni na usiku, wageni wetu wengi wanakwenda KIA giza limeshaingia. Kibao kilichopakwa rangi ya kawaida na fundi wa brashi, hata kama mwandiko ni mzuri kiasi gani, usiku hakipo. Kinachotakiwa ni ile karatasi maalum ya kuakisi, ndani yake kuna punje ndogo za kioo au vipande vidogo vyenye pembe vinavyorudisha mwanga wa taa za gari pale pale ulikotoka, kwa dereva. Ile karatasi inazeeka, jua letu na vumbi linaila, inafika wakati mchana kibao kinaonekana kizima usiku kimekufa. Ukaguzi wa vibao unaofanywa saa nne asubuhi na chai mkononi hausaidii kitu. Ufanywe saa mbili usiku, kwa taa ndogo, kwenye gari lenye kioo kama vya magari yetu. Na kisimikwe kikigeuzwa kidogo, kisikodolee barabara moja kwa moja, maana taa zikikipiga kinang'aa chote kama kioo na maandishi yanapotea.

Vingine mnavijua. Matawi ya jakaranda. Matangazo ya mganga. Sura za wagombea, uchaguzi umepita miaka lakini mheshimiwa bado anatabasamu juu ya mshale. Na wezi wa vyuma chakavu, ambao wanachukua mpaka nguzo. Hapo vijana wa boda nawategemea nyie, mnakesha barabarani, mnamwona nani anafungua nati saa tisa usiku.

Halafu kuna wale wanaosema siku hizi kuna simu, vibao vya nini. Andika Arusha airport kwenye ramani ya simu uone inakupeleka wapi. Inakupeleka Kisongo, na haikosei, wewe ndo umeuliza Arusha. Simu inajibu ulichouliza, kibao kinajibu hata ambaye hajui cha kuuliza. Bado hatujaongelea laini ya nje isiyo na bando na chaji iliyoishia Serengeti kwenye picha za simba. Na 2027 tuna AFCON hapa na Kenya na Uganda, uwanja wa mpira uko Olmoti, mashabiki watakuja na magari yao kupitia Namanga na Holili, hao hawana guide.

Kurudi nako. Watu wanawaza kwenda uwanjani tu. Mtu anatoka KIA amekabidhiwa gari la kukodi, hajalala, kazoea kuendesha upande wa kulia, anafika barabara kuu. Kushoto Arusha, kulia Moshi. Pale ndo pa kumwandikia kubwa kuliko pote, na kumkumbusha akae kushoto.

Sasa kwa nini mnyororo unakatika? Mimi naona ni mipaka ya wenyewe. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS tangu 2000. Za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017. Ukiingia geti la uwanja umeingia kwa watu wa viwanja vya ndege. Kila mmoja anaweza akawa amefanya yake vizuri kabisa na bado dereva akapotea, kwa sababu dereva hajui amevuka kwa nani kwenda kwa nani. Kuna njia panda moja, siitaji, nilishauliza kwenye ofisi moja kuhusu kibao chake wakaniambia ile sio yetu, nikaenda ofisi ya pili wakaniambia yetu inaanzia baada ya kalvati. Kalvati lina mita nne.

Kwa hiyo naomba kikao hiki kiandike barua moja, sio tatu, iende kwa wote watatu siku moja na kila mmoja aone jina la mwenzake juu. Tuorodheshe njia panda kuanzia getini kwa KIA kurudi nyuma mpaka Ngaramtoni, Kisongo na Himo, tukianzia ndani kwenda nje, na tuombe visimikwe kwa mpangilio huo huo, vya getini kwanza. Cha haiwei wakikisimika kabla ya vingine tupige picha tuwapelekee. Kabla ya barua kwenda tutafute mtu ambaye hajawahi kufika Arusha, hata ndugu wa mtu kutoka Songea, tumzimie simu, tumpe gari usiku aende KIA kutokea Ngaramtoni, mmoja wetu akae siti ya nyuma na daftari asiseme neno. Kila atakapopunguza mwendo na kuangaza macho, hapo tumeandika.

Mafuta ya hilo gari tuchangishane leo leo. Mwenye mwandiko mzuri abaki na mimi tukimaliza, na yeyote anayejua njia panda niliyoisahau aitaje sasa hivi kabla Mwenyekiti hajafunga kikao.